Maria Sibylla Merian alikuwa mchora maua tu au mwanasayansi? Na ile picha ya buibui anayekula ndege ni kweli?

Penseli Kali

Habari zenu wakuu. Mimi nachora wadudu, ndo kitu ninachokipenda kuliko vyote, na kwa muda sasa nimekuwa naangalia kazi za huyu mama Maria Sibylla Merian, Mjerumani aliyezaliwa Frankfurt mwaka 1647 akafia Amsterdam 1717. Kila nikifungua picha zake nakaa nazo muda mrefu maana sioni mwingine wa zama zile aliyechora hivi, kiwavi yuko juu ya jani analolila, jani lenyewe limeliwa kweli lina matundu, pembeni pupa ananing'inia, juu kipepeo karuka na mwenzie katulia kakunja mbawa ili uone na upande wa chini, yote hayo kwenye ukurasa mmoja.

Sasa kuna mtu tulibishana nae, akasema yule mama alikuwa mchora maua tu aliyebahatika, sayansi yenyewe walifanya wanaume wenye hadubini kama kina Swammerdam, yeye alipamba kurasa. Alafu akaniletea ile picha ya kitabu chake cha Surinam, nchi ya Amerika Kusini, ya tawi la mpera, buibui mkubwa mwenye manyoya kamlaza ndege chali anamla, akasema huo ni uongo na wasomi walishaikataa zamani. Roho iliniuma ila sikuwa na la maana la kumjibu.

Kwa hiyo wenye kujua naomba mnieleweshe. Alichogundua hasa ni nini? Ile ya buibui aliona au alisimuliwa? Na alifikaje Surinam mwanamke wa umri ule bila kutumwa na mfalme wala chuo? Na kama kuna anayejua mambo ya uchapaji aniambie pia, maana kuna nakala zake mistari ni laini kabisa utadhani ni mchoro wa mkono na nyingine mistari ni myeusi mikali, nataka kuelewa tofauti inatoka wapi.

Msoma Majani

Penseli umeuliza jambo zuri sana, mimi nijibu ile ya kwanza tu.

Ni kweli familia yake ilikuwa ya picha. Baba yake Matthäus Merian alikuwa mchongaji na mchapishaji mkubwa pale Frankfurt, akafariki binti akiwa na miaka 3, mama akaolewa tena na Jacob Marrel aliyekuwa mchora maua na huyo baba wa kambo ndo aliyemfundisha kushika brashi. Na vitabu vyake vya kwanza kweli vilikuwa vya maua, watu walikuwa wanaviiga kwenye kudarizi. Lakini wadudu alianza nao mapema zaidi, akiwa na miaka 13, mwaka 1660, kwa viwavi wa hariri, alafu akajiuliza kama hawa wanageuka hivi je wale wengine wote walioko kwenye majani huko nje? Akaanza kuwaokota na kuwafuga. Hilo la kufuga ndo moyo wa kazi yake yote na ndo watu wanalolipita haraka kwa sababu macho yanavutwa na rangi.

Kufuga kiwavi si kumweka kwenye boksi ukasubiri. Wengi wao wanakula mmea mmoja tu au mimea michache ya jamii moja, ukimpa jani lisilo lake anakufa na njaa na majani yamejaa mbele yake. Kwa hiyo kila kipepeo aliyetoka salama mikononi mwa yule mama maana yake alishajua yule anakula nini, alimpelekea majani mabichi siku baada ya siku, akaandika alijivua ngozi lini, aligeuka pupa lini, alikaa humo siku ngapi na nani alitoka. Mwaka 1679 akiwa Nürnberg akatoa kitabu cha viwavi chenye picha 50, mwaka 1683 akatoa sehemu ya pili yenye 50 nyingine, na kila picha ina maelezo yake kwa Kijerumani cha kawaida sio Kilatini. Na hapo ni mke wa mtu, ana watoto wawili wa kike, anafundisha mabinti wa watu kuchora na kudarizi, na boksi za viwavi zinamsubiri.

Wakati ule watu wengi, wasomi wakiwemo, walikuwa bado wanaamini wadudu wanazaliwa kutokana na tope na vitu vilivyooza. Francesco Redi kule Italia alitoa majaribio yake ya nyama na nzi mwaka 1668, huyu binti alishaanza kufuga viwavi miaka 8 kabla. Sisemi yeye ndo wa kwanza kujua kiwavi anakuwa kipepeo, hapana, wafuga hariri walishajua siku nyingi, na kule Uholanzi Johannes Goedaert alishafuga viwavi na kutoa vitabu miaka ya 1660. Ila ukiangalia picha za Goedaert mdudu anaelea peke yake kwenye karatasi nyeupe, hakuna mmea, hakuna mayai. Merian ndo aliyemrudisha mdudu kwenye chakula chake, akaonyesha maisha mazima kuanzia yai, na akaonyesha wanaokaa pamoja kwenye mmea mmoja. Huo ni ugunduzi mkuu, tena ni mamia ya vigunduzi vidogo vidogo vilivyokusanywa, huyu anakula hiki, yule anakula kile, na hakuna aliyekuwa na orodha hiyo kabla yake.

Kuna kitu kingine ambacho kila nikikifikiria nafurahi. Mara nyingine alikuwa anasubiri kipepeo atoke, badala yake wanatoka nzi au vinyigu vidogo kibao. Mtu mwingine angeona ni pupa aliyeharibika akatupa. Yeye aliwachora na kuandika kama alivyoona. Leo tunajua wale ni vimelea, mama yao anataga mayai ndani ya kiwavi na mabuu yanamla kwa ndani. Maelezo hayo kamili hakuwa nayo ila ushahidi ameuacha, mdudu gani alitoka kwa kiwavi gani juu ya mmea gani.

Na kuhusu Swammerdam, yule alikuwa mkubwa sana na simpunguzii, kitabu chake cha 1669 na kazi yake ya kupasua wadudu ilionyesha viungo vya kipepeo vinaanza kujengeka ndani ya kiwavi. Lakini yeye alikuwa anauliza ndani ya mdudu kuna nini. Merian alikuwa anauliza mdudu anaishije. Hadubini haikujibu swali la pili, linajibiwa na mtu anayeamka kila asubuhi kutafuta majani.

Mama Tausi

Mwanangu Penseli naomba nikujibu hili la Surinam, nimelisoma kwa muda mrefu na lina mambo mazito ndani yake.

Kwanza ndoa yake na Johann Andreas Graff ilivunjika. Mwaka 1685 alimchukua mama yake na mabinti zake wawili wakaenda kuishi na jumuiya ya kidini ya Walabadi kule Wieuwerd, Friesland, Uholanzi, mume akamfuata huko wakamkatalia. Kasri walilokaa lilikuwa la familia ya van Sommelsdijck, na Cornelis van Sommelsdijck ndo alikuwa gavana wa Surinam, kwa hiyo habari za nchi ile na hata vielelezo vya wadudu na wanyama vilikuwa vinafika pale. Mama yake akafariki 1690, mwaka uliofuata akahamia Amsterdam akaanza kujitegemea kwa kuuza picha na rangi.

Amsterdam ndo palipomsukuma. Matajiri na wasomi wa pale kama kina Nicolaas Witsen na Frederik Ruysch walikuwa na makabati yamejaa wadudu wa nchi za mbali, vipepeo wazuri ajabu wamechomwa pini, na waliokuwa nao walimkaribisha aangalie. Yeye mwenyewe ameandika kwenye utangulizi wa kitabu chake kwamba alivutiwa nao lakini hakuna popote palipoonyesha wanatokana na nini wanazaliana vipi. Ndo akaamua kwenda mwenyewe. Mwezi wa sita 1699 akiwa na miaka 52 akapanda meli na binti yake mdogo Dorothea Maria aliyekuwa na miaka 21, akauza picha zake nyingi kupata pesa ya safari na akaandika wosia kabla ya kuondoka, mtu anayejua anaweza asirudi. Hakuna mfalme aliyemtuma wala chuo. Safari za wanaume waliotumwa na serikali kwenda kukusanya mimea na wanyama tunazisoma sana, ya huyu mama ilitangulia nyingi kati ya hizo na gharama ilitoka mfukoni mwake.

Alikaa Paramaribo na akawa anatoka kwenda kwenye mashamba yaliyo kando ya mto Surinam, hadi shamba la Walabadi kule juu. Wenye mashamba walikuwa wanamcheka, ameandika hilo, walimuona wa ajabu anatafuta kitu kingine kisichokuwa sukari. Joto lilikuwa likimuumiza, akaugua, na mwaka 1701 ilibidi arudi mapema kuliko alivyopanga.

Sasa naomba tuseme na upande huu mwingine maana wanaomsifia huwa wanaurukaruka. Surinam ile Waholanzi walikuwa wameichukua kutoka kwa Waingereza mwaka 1667 na ilikuwa nchi ya watumwa, Waafrika waliokuwa wakiletwa kwa meli kufanyishwa kazi kwenye miwa, na wenyeji Wahindi Wekundu nao wengine walitumikishwa. Merian na yeye alihudumiwa na watumwa. Ameandika mwenyewe msitu ulikuwa mzito wa miiba kiasi kwamba alilazimika kuwatanguliza wakiwa na mashoka wamkatie njia. Waliomletea viwavi, waliomwambia mmea huu unaitwaje, unaliwaje, unatibu nini, ni hao. Kwenye kitabu anakiri kwamba wenyeji walimweleza, hilo ni zaidi ya waliofanya wengi, lakini jina la mtu hakuna hata moja. Hata yule mwanamke wa kienyeji aliyerudi nae Amsterdam hatujaachiwa jina lake.

Na kuna ukurasa mmoja ambao kila anayempenda huyu mama anatakiwa ausome. Picha ya 45, ua la tausi, lile jekundu na njano lenye ndevu ndefu. Kwenye maelezo anasema wanawake watumwa, Wahindi Wekundu na Waafrika, walikuwa wanatumia mbegu zake kutoa mimba ili watoto wao wasizaliwe utumwani, na kwamba Waafrika walioletwa kutoka Guinea na Angola wengine walijiua wakiamini watazaliwa tena kwao wakiwa huru, na anamaliza kwa kusema haya walimwambia wao wenyewe kwa vinywa vyao. Kitabu cha viwavi na maua, alafu katikati yake kuna sauti za wanawake wale. Mwanaume mtafiti angeweza kukaa Surinam miaka 10 asiambiwe hilo, wao walimwambia mwanamke mwenzao aliyekaa akasikiliza, pamoja na kwamba alikuwa upande wa mabwana. Mimi siwezi kumtenganisha Merian na mambo hayo yote mawili, na sioni sababu ya kujaribu.

Buibui wa Darini

Shikamoo Mama Tausi, umeeleza vizuri sana. Mimi nimekuja kwa ajili ya buibui.

Penseli mwambie huyo rafiki yako buibui yule yupo na ndege anaweza kumkamata kweli. Ile ni picha ya 18. Aliyeshambulia sana picha zile alikuwa mchungaji mmoja Muingereza, Lansdown Guilding, aliyekuwa anaishi kisiwa cha St Vincent, makala yake ya kumponda Merian picha kwa picha ilichapishwa mwaka 1834. Guilding hakuwahi kufika Surinam na Merian alishakufa zaidi ya miaka 100, hakuwepo wa kumjibu. Na kwa sababu yeye na wengine waliandika kwa sauti ya uhakika, hadithi ya kwamba yule mama alitunga ikakaa.

Mwaka 1863 Henry Walter Bates, aliyeishi Amazon miaka 11, akatoa kitabu chake na ndani akaeleza alivyomkuta buibui mkubwa wa jamii hiyo kwenye shina la mti, utando uko kwenye ufa na ndege wadogo wawili wamenasa, mmoja kashakufa mwingine yuko chini ya buibui anakaribia kufa. Hapo mjadala ukaisha. Na kabla ya hapo Linnaeus, yule Mswidi aliyeweka mfumo wa majina ya kisayansi, mwaka 1758 alishampa buibui wa aina hiyo jina avicularia, la mambo ya ndege, na kati ya picha alizozitegemea ni hiyohiyo ya Merian. Buibui hawa kawaida yao wanakula wadudu, ndege ni mara chache sana, lakini mara chache si sawa na uongo.

Ila ukibishana uwe mkweli wote. Picha ya 18 ina makosa yake. Kile kindege ni cha jamii ya wale wadogo wa Amerika wanaoelea hewani wakinyonya maua, na kwenye kiota kachora mayai manne wakati hao wanataga mawili. Alafu wale chungu, kachora wanaokata majani, wale wanaoacha mti mtupu kwa usiku mmoja, na hiyo tabia ni ya kweli kabisa, lakini kwenye maelezo amesema wanajishika wakatengeneza daraja kutoka tawi hadi tawi na wanaingia majumbani kufagia kila mdudu, hizo ni tabia za chungu wengine wanaotembea kwa majeshi. Kawachanganya wawili kawa mmoja. Mimi naona hapo ndo unaweza kutenganisha alichokifuga mwenyewe na alichoambiwa au kukiona kwa haraka. Viwavi wake na vipepeo wake, ambao aliwalea boksini, makosa ni machache sana. Anapotoka nje ya boksi ndo anaanza kuteleza.

Penseli Kali

Shikamoo mama, na asanteni sana wote, hii ya kufuga na kutofuga imenifungua macho kabisa, sasa najua pa kuanzia nikikutana nae tena. Buibui wa Darini nimekumbuka picha nyingine inayonisumbua, ile ya mdudu mwenye kichwa kirefu kama njugu kimetokeza mbele, kachorwa na nyenje kwenye maua ya komamanga, na kuna mmoja pale mwili wa nyenje kichwa cha yule mwingine. Huyo yupo kweli? Na swali langu la mistari laini bado halijajibiwa.

Buibui wa Darini

Hiyo ni picha ya 49. Yule mwenye kichwa kirefu yupo, ndo Fulgora laternaria, mkubwa tu na mzuri mno akifungua mbawa. Huyo wa katikati, nyenje mwenye kichwa cha fulgora, hayupo duniani. Wenyeji walimwambia nyenje ndo anageuka kuwa yule mwingine, na kwa mtu aliyetumia maisha yake yote kuona wadudu wakigeuka lilikuwa jambo la kuaminika. Wadudu hawa hawana hatua ya pupa, wanakua kidogo kidogo kwa kujivua ngozi, kwa hiyo kanuni aliyoizoea kwa vipepeo haikumsaidia.

Na ni huyohuyo aliyesema anawaka usiku. Ameeleza waliletewa boksi la wadudu hao, usiku zikaanza kelele, wakaamka wakafungua boksi wakaona kama moto unatoka, na anasema mwanga wa mmoja unatosha kusomea gazeti. Waliomfuga baadae hawajaona mwanga wowote, ila Linnaeus alilichukua hilo akampa mdudu jina la taa na jina limebaki. Angalia uzito wa neno la huyu mama, hata alipokosea kosa lake liliingia kwenye majina ya kisayansi.

Lakini pembeni ya hiyo weka picha ya 59, chura wa Surinam, pipa, ambaye mayai yanakaa kwenye ngozi ya mgongo wa mama na watoto wanachomoza humohumo mgongoni. Ukisimuliwa bila kuona utasema huyu ndo uongo mkubwa kuliko wote. Ni kweli tupu.

Bamba la Shaba

Penseli nimefika, la mistari ni langu.

Elewa kwanza hatua. Yeye alichora kwa rangi za maji na rangi nzito juu ya ngozi ya ndama iliyoandaliwa, ndo maana zile za asili zinang'aa vile na nywele za kiwavi unaweza kuzihesabu, ngozi hainywi rangi kama karatasi. Ili ziwe kitabu picha inahamishiwa kwenye bamba la shaba. Vile vitabu vya viwavi vya Ujerumani alichonga mwenyewe. Kitabu cha Surinam, kilichotoka Amsterdam 1705 kwa Kilatini na Kiholanzi chenye picha 60 kwenye karatasi kubwa, aliwapa wachongaji wa kulipwa sehemu kubwa ya kazi, Joseph Mulder, Pieter Sluyter na mwingine, na gharama yote alibeba yeye, alikuwa mwandishi na mchapishaji wa kitabu chake mwenyewe. Majina ya Kilatini ya mimea aliyaongeza Caspar Commelin wa bustani ya mimea ya Amsterdam.

Sasa chapa ya kawaida ukiitoa kwenye bamba inakuwa imegeuka, kulia kuwa kushoto, na mstari ni mweusi mkali na kuna alama ya kingo za bamba kwenye karatasi. Merian alikuwa anafanya hivi, chapa ikiwa bado mbichi wino haujakauka, anaweka karatasi nyingine juu yake na kuibana tena kwenye mashine. Inatoka kopi ya kopi. Inakuwa imegeuka tena kwa hiyo imerudi upande uleule wa mchoro wake wa kwanza, wino ni mwepesi wa kijivu, alama ya kingo hakuna. Alafu anapaka rangi kwa mkono juu yake. Ule mstari mwepesi unapotelea ndani ya rangi na unapata kitu kinachokaribia kabisa mchoro wa mkono. Hizo ndo ulizoziona ni laini. Wengine pia walikuwa wanatoa chapa za namna hiyo, ila wao walikuwa wanazitumia zaidi kukagua bamba, yeye aliziuza kama kazi kamili ya bei ya juu. Kwangu mimi hilo ni wazo la mtu aliyeujua wino kwa vidole vyake toka utotoni kwenye nyumba ya wachapaji.

Kitu kingine uwe makini na rangi unapomhukumu kwa usahihi. Nakala alizozipaka yeye na mabinti zake ni tofauti na matoleo yaliyochapwa akiwa ameshakufa. Toleo la 1719 liliongezewa picha 12 na si zote ni kazi yake, na matoleo ya baadae yalipakwa na watu ambao hawakuwahi kumuona mdudu mwenyewe, utakuta kipepeo kapewa rangi za kubuni. Waliokuja kumponda baadae wengine walikuwa wameshika matoleo hayo. Kwa hiyo rafiki yako akikuletea picha muulize kwanza ni ya toleo gani.

Msoma Majani

Bamba hapo kwenye mabinti umenigusa. Johanna Helena na Dorothea Maria wote walikuwa wachoraji na kuna picha ambazo kwa muda mrefu zilihesabiwa za mama, sasa wachunguzi wanaona ni mkono wa Johanna Helena. Yule alikwenda kuishi Surinam mwaka 1711. Dorothea ndo aliyetoa sehemu ya tatu ya kitabu cha viwavi mwaka 1717 baada ya mama kufariki, alafu yeye na mumewe Georg Gsell wakaenda St Petersburg kufanya kazi kwa Tsar Peter Mkuu, ambaye mwaka huohuo watu wake walinunua picha nyingi za Merian.

Ndo maana daftari la Merian liko kule Urusi mpaka leo. Hilo daftari Penseli ndo jibu lako kamili kuliko vitabu vyote. Ni vipande vidogo vya ngozi, kila kimoja kina kiwavi au pupa au kipepeo kilichochorwa mdudu akiwa mbele yake, vimepangwa na maelezo pembeni, mwaka, mmea, alivyobadilika, kuanzia ujana wake Ujerumani hadi Surinam. Alilibeba akihama Nürnberg, akihama Frankfurt, kwa Walabadi, Amsterdam, baharini na kurudi. Nakala yake ilichapishwa 1976. Mtu anayepamba tu kurasa haweki kumbukumbu ya namna ile kwa miaka 50.

Mama Tausi

Na ukitaka kuangalia zile za kwenye ngozi zenyewe, fungu kubwa zuri liko kwenye mkusanyo wa kifalme Uingereza, Mfalme George III ndo alizinunua, na nyingine ziko British Museum kupitia kwa Hans Sloane, unaweza kuzifungua mtandaoni ukazikuza. Anza na mananasi, picha ya 1 na ya 2. Ya kwanza nanasi limechanua na mende wako juu yake, wale mende alisema ndo wadudu wasumbufu kuliko wote Amerika, na amechora kifuko cha mayai na vitoto vyake vinatoka. Matajiri wa Ulaya wakati ule nanasi lilikuwa tunda la kujionyeshea, yeye kalipa ukurasa wa kwanza na kaliweka na mende.

Penseli Kali

Nimeshazifungua mama. Nimeanza na hilo nanasi nimekuza mpaka mwisho, kifuko cha mayai kina mishono yake kabisa. Kesho namtumia huyo jamaa picha ya 18 na ya Bates pamoja, na kuna kiwavi wa kijani nimemuona kwenye majani ya mlimau, namuwekea boksi leo jioni na majani ya mlimau huohuo, nitaandika tarehe.